Chini ya Kona ya Mto

2 Oktoba

Mizani imefunguliwa leo na msimu umeanza. Wamekuja wakulima saba tu, mifuko nusunusu, matunda mengine bado yana kijani mashavuni. Baba ameyapokea yote kwa heshima, utadhani kaletewa mahari. Yeye ndiye msimamizi wa kiwanda hiki cha kumenya kahawa tangu mimi sijazaliwa, na kwa kuwa jua halijawahi kumkuta nje ya geti, wafanyakazi wanamwita Alfajiri.

Mimi wananiita Dada Maji. Kazi yangu ni kupima: maji yanayotoka mtoni kuja kuosha kahawa, yanayotoka kwenye kahawa yakiwa machachu na mazito, na yale yanayorudi mtoni baada ya kupita mabwawa matatu. La kwanza linatuliza tope. La pili tunatia chokaa kuua uchachu. La tatu lina matete, na matete hayo niliyapanda kwa mikono yangu mwaka juzi, nikatoka na ruba wawili mguuni.

Hakuna sheria iliyotulazimisha. Kampuni ilijiunga yenyewe na mpango wa wenye mashamba na viwanda kulinda mito, na kibao kiko getini: KIWANDA HIKI KINATUNZA MTO KWA HIARI. Kila mwaka mkaguzi anakuja, anasoma daftari langu, anatuachia nembo ya kupiga kwenye magunia. Baba ndiye aliyemshawishi meneja. Nakumbuka alivyosimama mbele ya watu akasema, "Mto hauna mdomo. Mwenye mdomo ausemee." Nilimwonea fahari mpaka nikaona haya.

Maji: mazuri.

5 Oktoba

Mvua bado. Maji: mazuri. Paka wa stoo amezalia ndani ya kofia ya meneja, na hakuna aliye tayari kumwambia.

9 Oktoba

Nimeshinda kwa mama mdogo. Ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Anafuga perege kwenye mabwawa mawili chini kabisa, nusu saa kwa miguu kufuata mto. Maji anayachota kwa mfereji aliouchimba mwenyewe mwaka aliofiwa na mumewe.

"Kaa chini nikwambie jambo," akasema. "Na ukicheka nakutoa nje."

"Sijacheka."

"Meno yameshatoka."

Bwana Nyanya amemposa. Huyu bwana analima nyanya ng'ambo ya pili ya mto, katikati ya kiwanda chetu na mabwawa ya mama mdogo. Ni mtu wa maneno ya kuhesabika. Mwaka mzima wa kwanza nilidhani ana jino linamuuma. Lakini kuna jambo lake ambalo nimeliona siku zote na sikuwahi kuuliza: hatua ishirini kutoka ukingoni halimi. Ameacha majani na vichaka vikae, na upande ule hapigi dawa. Hayumo kwenye mpango wowote, hana kibao, hakaguliwi na mtu.

"Nilimuuliza kwa nini anapoteza shamba lote lile," mama mdogo akaniambia. "Akanijibu, 'Wewe uko chini yangu.' Basi, hilo tu. Wenzake huleta maneno matamu, huyu kaniletea hatua ishirini za majani. Nikajisemea moyoni, huyu ndiye."

Ana miaka hamsini na moja na alikuwa anaona aibu kama msichana. Ndoa Desemba, kahawa ikiisha, ili mimi nipate nafasi. Nimecheka, na hakunitoa nje.

14 Oktoba

Maji: mazuri. Nimekula chakula cha mchana nimesimama.

19 Oktoba

Kahawa imeiva yote kwa mpigo mmoja. Foleni imetoka getini ikafika barabarani, watu wamekalia mifuko yao tangu asubuhi. Meneja amepita akisema hakuna mkulima wa kurudishwa, hata mmoja. Mabwawa yetu yalijengwa kwa nusu ya kahawa hii. Nikamfuata ofisini, nikamkumbusha kwamba kwenye ahadi tuliyotia saini tulisema mabwawa yakijaa tutasimamisha mashine siku moja moja, yapumzike.

"Isome vizuri," akasema. "Imeandikwa 'tutajitahidi'. Sasa si tunajitahidi?"

Baba alikuwa mlangoni. Akanishika bega. "Mwachie baba yako, mwanangu."

Jambo moja sijalielewa. Nilitegemea bwawa la tatu lifurike. Badala yake limepungua shubiri nzima. Nimemwambia Baba huenda linavuja. Akasema udongo umekauka, unanyonya, ataangalia. Macho yake mekundu. Hapati usingizi msimu ukipamba moto.

Maji: mazuri.

23 Oktoba

Mvua bado. Mto umekonda, mawe yanaonyesha migongo. Maji: mazuri.

27 Oktoba

Mama mdogo alipiga simu saa moja asubuhi. Alisema neno moja tu: "Njoo."

Nilimkuta ndani ya bwawa, maji kiunoni, gauni limemwelea pembeni. Perege walikuwa wamelala juu ya maji, matumbo meupe, wamebanana hata usingeweza kutumbukiza kidole bila kumgusa mmoja. Wachache waliobaki hai walikuwa wamejikusanya juu juu, midomo wazi, wanameza hewa yetu kwa sababu ndani ya maji hamkuwa na yao. Alikuwa anawachagua hao mmoja mmoja kwa kikapu, anawapeleka kwenye beseni la maji ya kisima. Walikuwa wakifia humo humo.

"Wewe bado," alikuwa akiwaambia. "Wewe bado, mama. Vuta. Vuta tena."

Nikaingia nikapima. Hewa iliyokuwemo majini ilikuwa kama hakuna. Nikaenda kupima mdomoni mwa mfereji, vivyo hivyo. Nikainusa mikono yangu. Nusu ya watu waliokuwa wameanza kukusanyika walisema wanasikia harufu ya kitu kichachu. Mimi sikusikia kitu. Pua yangu imekaa kiwandani wiki tatu. Ilishaizoea harufu ile kama mtu anavyozoea harufu ya nyumba yake.

Mtu mmoja akasema, "Ni dawa hii." Mwingine akauliza nani anapiga dawa huku. Kila mtu akageuka kutazama ng'ambo. Kweli, juzi Bwana Nyanya alipiga dawa ya ukungu. Mimi mwenyewe nilimwona na bomba mgongoni.

Na ndiyo kwanza alikuwa anavuka mto kuja, suruali ameikunja, kikapu mkononi. Amekuja kusaidia.

"Muuaji kaja kuzika," akasema mtu nyuma yangu.

Bwana Nyanya akasimama katikati ya mto. Hakumtazama aliyesema. Alimtazama mama mdogo. Mama mdogo hakuinua kichwa.

Baba alifika saa nne. Alichukua ndoo mbili, akazijaza samaki, akaenda kuzika, akarudi kuchukua nyingine. Alifanya hivyo mpaka jioni na alikataa hata maji ya kunywa. Nilimtazama nikasema moyoni, shemeji kama huyu wako wangapi duniani?

29 Oktoba

Mkutano umefanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alisema kwanza tujue maji yalikuwaje yalipotoka kiwandani, kisha tushuke taratibu.

"Dada Maji, tusomee."

Nikasimama na daftari langu. Nikasoma juu ya kiwanda, chini ya kiwanda, siku moja baada ya nyingine, siku ishirini na saba. Nilisoma polepole kwa sauti ya kusikika. Nilieleza maana yake ili hata wazee waelewe.

"Kwa hiyo kiwanda kimetoka safi?" mwenyekiti akauliza.

"Safi," nikasema.

Wakapiga makofi. Nilikuwa na uchungu kwa ajili ya mama mdogo, lakini nitaandika ukweli: makofi yale niliyapenda.

Bwana Nyanya akaitwa ajieleze. Alivua kofia. "Dawa nilipiga. Nilipiga juu, upande wa barabara. Chini sipigi. Njooni muone majani yangu, yana panzi, yana vyura. Dawa ingefika pale wangekufa wao kwanza." Akalitazama daftari langu. "Ila mimi sina daftari."

Hakuna aliyekwenda kuona.

Ndipo mama mdogo akainuka. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake. "Ulisema mimi niko chini yako. Nikaona huruma, kumbe ulikuwa unanionyesha mahali pangu. Hatua ishirini zako zilikuwa pazia. Usivuke tena mto ule kuja kwangu. Usiku wala mchana, kwa heri wala kwa shari."

Nilimtafuta Baba kwa macho. Yeye ndiye mkubwa wa familia; nilitaka aseme neno la kupoza, walau "shemeji, tulia kwanza." Alikuwa anaizungusha kofia yake mkononi, anaitazama kama kwamba kuna maandishi ndani.

Bwana Nyanya akavaa yake. "Sawa, Bibi Samaki," akasema, akaondoka.

30 Oktoba

Maji: mazuri. Nimeanza kulichoka neno hilo.

3 Novemba

Nyanya zake hakuna anayezigusa. Zinaitwa nyanya za sumu. Makreti yamepangwa kando ya barabara na juisi inachuruzika chini, nzi wamejaa. Nimesikia anakwenda mjini kukaa kwa dada yake, na shamba amelikodisha kwa kampuni yetu wakuze miche. Meneja alimfuata upesi sana. Aliyeanguka hakatai mkono, hata awe nani anayeunyoosha.

Bwana Nyanya alipita getini leo na begi moja. Nilitaka kujificha, akawa ameshaniona.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Dada Maji, nakuuliza, si kwa ubaya. Chini mnapimia wapi?"

"Kwenye jiwe pana, hatua mia kutoka kiwandani."

"Na chini ya kona?"

"Kule hatufiki. Kuna utelezi."

"Nani alisema kuna utelezi?"

Hakungoja jibu. "Haya. Msalimie," akasema, na hakutaja nani.

5 Novemba

Mvua imenyesha dakika kumi, ikakumbuka shughuli nyingine. Maji: mazuri, kwenye jiwe pana.

8 Novemba

Naandika haya mchana, kwenye stoo, mlango nimeufunga.

Leo niliamka saa kumi na moja alfajiri. Kitanda cha Baba kilikuwa kimeshatandikwa. Nikachukua begi la vipimo, sikupitia getini, nikashuka moja kwa moja mtoni na kufuata ukingo mpaka chini ya kona. Nilijiandaa kuteleza. Hapakuwa na utelezi wowote. Palikuwa pakavu kama sebule.

Kwenye kona kuna bomba la zamani, la enzi zile kiwanda kilipokuwa kinamwaga kila kitu mtoni. Tuliambiwa lilizibwa kwa zege mwaka tuliojiunga na mpango. Halikuzibwa. Lilikuwa linatapika maji ya rangi ya chai, na povu. Nikapima. Nikapima tena, maana nilitaka sana kifaa kiwe kimeharibika.

Nikalifuata bomba kupanda juu katikati ya mikaratusi, mpaka kwenye shimo la koki nyuma ya mashine, kabla ya bwawa la kwanza. Mfuniko ulikuwa pembeni. Koki ilikuwa imepakwa grisi mpya. Baba alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili juu ya usukani wake.

Aliniona. Hakushtuka. Ni kama mtu aliyechoka kungoja mgeni.

"Umande utakupata," akasema. "Huna sweta."

"Baba, ni nini hiki?"

"Unaona mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tarehe kumi na saba."

Ndiyo maana bwawa la tatu lilipungua. Maji yalikuwa hayafiki.

Akaanza kueleza, bado amepiga magoti. Kwamba kahawa ikichumwa haingoji; mkulima ukimrudisha jioni, kesho asubuhi ana mfuko wa uozo. Kwamba watu wale anawajua mmoja mmoja na watoto wao. Kwamba alimwambia meneja mabwawa hayatoshi, na meneja akamjibu, "Alfajiri, mambo ya maji machafu mimi sitaki kuyajua."

"Siku ya kwanza nilifungua kwa muda wa saa moja tu," akasema. "Hakuna kilichotokea. Siku ya pili nilifungua kwa sababu ya ile ya kwanza. Tangu zamani mto huu ulikuwa unabeba. Nilidhani utabeba."

"Mto umekauka, Baba. Ungebeba na nini?"

"Najua."

"Na jiwe pana? Uliniambia nipimie pale."

"Mwaka jana nilikwambia kwa nia njema. Kweli nilihofia utateleza. Mwaka huu nilikuacha pale."

Nikamuuliza lile ambalo lilikuwa linanikaba. "Mkutanoni ulikaa kimya. Umemtazama mama mdogo anamfukuza yule mtu, ukakaa kimya."

Akapangusa grisi mikononi kwa majani. "Ulikuwa unasoma," akasema.

"Nini?"

"Ulikuwa unasoma vizuri sana. Ningesimamaje mbele ya watu niseme mwanangu anasoma uongo bila kujua?"

"Kwa hiyo ulinilinda mimi?"

"Nilijilinda mimi. Wakati ule nilijiambia ni wewe."

Akaufunga usukani, mzunguko baada ya mzunguko, na akarudisha mfuniko. Alipojaribu kusimama goti lilikataa. Siku nyingine zote ningemshika mkono.

9 Novemba

Sijui niandike nini mbele ya neno Maji.

12 Novemba

Tunaishi nyumba moja. Amenichemshia maji ya kuoga kama kawaida, ameyaweka mlangoni, amegonga mara mbili akaondoka. Nimeoga ya baridi.

Koki imefungwa siku nne sasa. Bwawa la kwanza limefurika na jana mashine zilisimama. Wakulima wamerudishwa na mifuko yao. Mama mmoja aliyatemea mate matunda yake mwenyewe. Hayo nayo ni kweli, lazima niyaandike.

15 Novemba

Nimemwambia mama mdogo.

Alikuwa anashona wavu, wavu ambao hauna kazi. Nilisema yote kwa mkupuo, bomba, koki, tarehe. Sindano ikasimama hewani.

"Shemeji yangu?" akasema. "Alikuja hapa. Alibeba ndoo. Nilimwona analia nikamwambia pole. Mimi nikampa pole yeye."

Nikauokota uzi ulioanguka.

"Na wewe umejua lini?"

"Siku saba zilizopita."

"Siku saba." Akairudia kama anaonja. "Mimi yule mtu nilimhukumu kwa siku mbili, na sikuwa na hakika. Wewe hakika unayo, umekaa nayo siku saba."

"Mama mdogo, ni baba yangu."

"Najua ni nani. Nilikuwepo akikubeba mgongoni siku ya msiba wa dada yangu." Akaweka wavu chini. "Nenda nyumbani, mwanangu. Sikufukuzi. Nina mtu nataka kumlilia, na hapa nafasi ni ndogo."

20 Novemba

Mkaguzi amekuja. Ni mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. Anasalimia kila mtu mpaka mpishi. Tulikaa ofisini wanne: yeye, meneja, Baba na mimi. Meneja akaomba daftari langu, akaliweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeongeza ukurasa mmoja. Juu niliandika "Chini ya kona", tarehe nane, na namba. Mkaguzi akaufikia, akavua miwani, akavaa tena.

"Hiki ni nini?"

"Huyo bado mwanafunzi wa kazi," meneja akasema kwa kicheko. "Kifaa kilikuwa kibovu."

"Nina miaka mitatu hapa," nikasema. "Kifaa ni kizima."

"Dada, kumbuka jambo hili tunalifanya kwa hiari. Hakuna aliyetushikia fimbo," meneja akasema.

Nilifungua mdomo kumtaja Baba, na sauti ikagoma. Sikuweza. Miezi yote hii nilidhani mimi ni mtu wa ukweli, na ulipofika wakati wake ulimi ukawa jiwe.

Baba akasimama. Akamwambia mkaguzi, "Mama, vaa viatu vya matope. Nikuonyeshe."

Wakatoka wawili. Kupitia dirishani niliwaona wanapita kwenye mikaratusi, yeye mbele anainua matawi yasimpige mgeni usoni. Meneja alibaki akinitazama. "Umemmaliza baba yako," akaniambia. Hata mimi sikujua kama ni uongo.

22 Novemba

Mvua imefika, ile yenyewe. Imechelewa mwezi mmoja.

27 Novemba

Barua mbili. Ya kwanza imebandikwa ubaoni: kosa lilikuwa la mtu mmoja, naye ameachishwa kazi. Miaka thelathini na moja imekaa kwenye mistari minne. Ya pili imekwenda kwa wenye mpango: kwa kuwa kampuni ilijiunga kwa hiari, sasa kwa hiari inajitoa, na inawashukuru kwa ushirikiano mwema. Bila mpango hakuna haja ya mpimaji. Kazi yangu inaisha Jumamosi.

Mlinzi ndiye aliyepewa nyundo kung'oa kibao. "Hiari yashinda utumwa, Dada Maji," akasema, akivuta misumari, "lakini haijawahi kushinda kahawa." Tulicheka wote wawili. Halafu akaniomba radhi.

Matete yangu wameyafyeka. Wanataka pa kuweka vitanda vya kukaushia. Shimo la koki halifunikwi tena. Hakuna anayefichwa kitu. Bomba linamwaga mchana kweupe, na kwa vile mto sasa umejaa, hakuna anayeona.

4 Desemba

Mama mdogo alisema, "Nisindikize mjini." Alivaa lile gauni alilokuwa amelishonea harusi. Sikuuliza.

Nyumba ya dada yake Bwana Nyanya iko nyuma ya karakana ya magari, chumba na sebule, ukutani kalenda ya mwaka wa zamani. Tulikaribishwa kwa heshima zote, tukapewa chai. Bwana Nyanya mwenyewe alikuja akiwa na sare ya watunza bustani wa hospitali. Anakata majani huko. Amekonda. Alipomwona mama mdogo alitazama kwanza viatu vyake mwenyewe, kama vina tope.

Mama mdogo hakungoja chai ipoe. "Haikuwa wewe," akasema. "Ilikuwa kwetu. Nyumbani kwangu mwenyewe. Nimekuja kukuomba radhi."

"Nilisikia."

"Ulisikia, hukuja?"

"Uliniambia nisivuke." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha siku ya soko.

"Nilikosa. Nakwambia sasa, vuka. Njoo nyumbani."

Akakizungusha kikombe chake kwenye sahani. "Bibi Samaki, mimi samaki hawakuniumiza. Hata maneno ya mkutanoni, mtu mwenye uchungu husema. Kilichoniumiza ni kwamba nilisema njooni muone majani, nikarudi nikakaa ukingoni nakungoja. Nikasema wengine wasipokuja, yeye atakuja. Hata kama ni kwa ugomvi, atakuja kutazama. Nilikaa siku tatu."

Mama mdogo akafunika uso kwa viganja.

"Nimekusamehe," Bwana Nyanya akasema. "Nilikusamehe kabla ya kupanda gari. Lakini nikija kwako, kila ukinipakulia chakula nitajiuliza ni mapenzi au ni fidia. Na wewe utajiuliza hivyo hivyo. Tutaishi kwa adabu. Mimi sitaki kuishi na wewe kwa adabu."

"Shamba lako…"

"Wamelima mpaka majini. Dada yangu alipita, akaniambia."

Nikajaribu kusema langu, kwamba ni mimi niliyesoma zile namba. Alinikatiza kwa mkono. "Wewe ulisoma ulichopima," akasema. Ilikuwa huruma, na ingekuwa afadhali angenitukana.

Alitusindikiza hadi mwisho wa uchochoro. Alimshika mama mdogo mkono kwa mikono yote miwili, akauachia, akarudi. Mama mdogo hakulia njiani. Tulipokaribia nyumbani alisema tu, "Umeona kola yake ilivyochanika? Hawana mtu wa kushona pale."

12 Desemba

Baba ana siku nane anachimba kwa mama mdogo. Hakuitwa. Alitokea alfajiri na koleo lake, akaingia bwawani akaanza kuondoa tope lililooza. Mama mdogo hakumfukuza na hakumsemesha. Saa sita anamwekea sahani juu ya ukuta na kuingia ndani. Baba anakula ameupa mlango mgongo. Mimi nimekuwa nikibeba tope kwa karai. Tunapishana njiani, yeye anashuka, mimi napanda. Jana alisema, "Karai hilo zito, jaza nusu." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote mwezi huu.

Nywele zake zimekuwa nyeupe upande mmoja. Sikuwahi kumwona mzee. Namtazama anavyoshikilia kiuno kabla ya kuinama, na moyo unanivuta kumkimbilia, na moyo huohuo unanizuia. Sijui mtu anawezaje kumkosa mtu aliye hatua tano mbele yake.

Leo mabwawa yamekamilika. Kingo zimenyooka, chini kumepigwa chokaa, kazi safi kuliko ile ya awali. Mama mdogo alitoka akavuta ubao wa mfereji mwenyewe. Maji yakaingia, yenye tope la mvua kwanza, halafu yakatulia. Akaniambia nipime. Kifaa si changu tena, lakini mlinzi aliniazima na kugeuka upande mwingine. Nikapima mara mbili.

"Vipi?"

"Mazuri, mama mdogo. Mvua inasaidia. Unaweza kuleta vifaranga hata wiki ijayo."

Akatikisa kichwa. "Sileti."

"Maji ni mazuri, nakwambia. Nimepima."

"Leo." Alikuwa akitazama juu, kule mto unakotokea. "Ukikaa chini ya mto, mwanangu, kila asubuhi unaamka kwa kuamini watu usiowaona. Nimeamini miaka kumi na moja. Nimechoka. Yakae maji tu."

Baba alikuwa amesimama ndani ya mfereji, koleo begani. Alisikia yote. Alishuka, akaliosha koleo, akaosha na karai langu, akaviegemeza ukutani kimoja kando ya kingine. Kisha akavua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya samaki akamsemesha.

"Shemeji, nije kesho?"

Mama mdogo alimtazama. Hakuwa na chuki usoni. Laiti angekuwa nayo.

"Kesho hakuna kazi, shemeji," akasema, na akaingia ndani.